Fabiano Mmoja Tu

Katekista wetu hakumfundisha mtu yeyote Baba Yetu kabla ya kumsimulia habari za njiwa. Uwe mtoto wa komunyo ya kwanza, uwe dereva wa trela aliyechoka na foleni ya mpaka wa Malaba akaamua kutumia muda huo kuokoa roho yake, uwe bibi harusi ambaye harusi ni Jumamosi na bado Amri Kumi anazijua sita, ulikalishwa kwenye benchi la kigango, kanisa letu dogo, ukaambiwa uzime simu, na njiwa akaanza kuruka.

Habari yenyewe ni hii. Hapo kale Roma, Papa alikuwa amekufa na Wakristo wakakusanyika kumchagua mwingine. Wakubwa walikuwepo, wenye majina na wenye ndevu, kila mmoja na watu wake wa kumpigia debe. Nyuma kabisa alisimama mtu mmoja aitwaye Fabiano, ametoka shamba siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemfikiria. Mara njiwa akaingia, akavipita vichwa vyote vya wakubwa, akatua juu ya kichwa cha Fabiano. Watu wote wakapaza sauti pamoja kwamba huyu anastahili, na mtu wa shamba akakalishwa kwenye kiti cha Petro kabla hajajua kimempata nini.

Mwaka mmoja Katekista aliongeza kwamba Fabiano alikuwa amekuja mjini kuuza mihogo. Mwaka uliofuata ilikuwa viazi vitamu. Padre wa parokia akamwita kando akamweleza kwamba mababa wa Kanisa walioiandika habari hiyo hawakutaja mazao yoyote.

"Padre," Katekista akamjibu, "mtu ametoka shamba. Atakuja mikono mitupu?"

Viazi vitamu vikabaki katika mafundisho ya dini.

Kigango chetu kiko kando ya barabara ya kutoka Malaba kwenda Chakol, na kinaitwa Mtakatifu Fabiano kwa sababu ya Katekista. Wengi walitaka Mtakatifu Yuda Tadei, msaidizi wa mambo yaliyoshindikana, maana hapa mpakani mambo yaliyoshindikana hayana mwisho. Katekista aliurefusha mkutano kwa sala na maelezo mpaka wingu la mvua likatanda, na wapinzani wake wakakimbilia nyumbani kuanua mahindi. Waliobaki wakapiga kura. Mimi nilibaki kwa sababu sikuwa na mahindi. Mimi ni ajenti wa kliaransi, kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu forodhani, na mizigo yangu hailowi mpaka nisahau turubai. Ndivyo nilivyoingia katika kundi lake bila kukusudia, na nikakaa humo miaka.

Alikuwa na haja moja tu maishani, na kila mtu kutoka Malaba mpaka Chakol aliijua: alitaka mtoto mmoja abatizwe Fabiano. Mmoja tu. Yeye mwenyewe alijaliwa mabinti watupu, na mabinti walipozaa wavulana wakamwambia kwa upole kwamba watoto wana baba zao. Akageukia kigango. Kila mimba iliyoingia kanisani aliisalimia kabla ya mwenye mimba. Aliwapelekea wajawazito mayai. Lakini Fabiano, hata mmoja, hakupatikana. Walisema ni jina la mzee. Walisema mtoto atachekwa shuleni. Mama mmoja alisema ni jina zuri sana, zuri kupita kiasi, akamwita mwanawe Kevini.

Kinyume cha haja hiyo kilikuwa kanuni yake, na kanuni yake ilikuwa chuma: jina lisilo na mtakatifu haliingii majini. Padre alimweleza mara nyingi kwamba siku hizi Kanisa halikazi hivyo, kwamba jina likiwa halina ubaya linatosha. Katekista aliitikia, akainama, akaenda zake na kukaza vilevile. Mimi nilipompeleka kifungua mimba wangu nilitaka aitwe Trevor.

"Mama, wewe ni mtu ya kusoma," aliniambia. "Hiyo Trevor iko na siku yake kwa kalenda?"

"Haina."

"Alifia imani wapi?"

"Mzee, mimi nimependa tu jina."

"Umependa. Na mtoto akipotea njia, ataombewa na nani? Na kupenda kwako?"

Tulibishana wiki tatu. Mwishowe tukakutana katikati, kwa Viktori, na alipogundua kwamba Viktori naye alikuwa Papa wa zamani, karibu anibusu. "Papa, ndiyo," alisema akiandika, "lakini si ule." Tangu siku hiyo akaniita Mama Vikta, na mji mzima ukamfuata.

Jambo lililomuumiza kuliko yote ni Mtakatifu Sebastiano. Kanisa limewaweka siku moja, Januari ishirini, na ukweli ni kwamba Sebastiano humfunika mwenzake kabisa. Sebastiano ana mishale. Kila mchoraji anampenda, kila kijana anamkumbuka. Fabiano ana njiwa tu, tena wa muda mfupi. Ndani ya kigango tulikuwa na picha ya Sebastiano, zawadi ya mfadhili mmoja, na kila mwaka ikifika sikukuu Katekista aliifunika kwa leso ya mke wake mpaka misa iishe. Leso yenyewe ilikuwa na maandishi, na maandishi yalisema wivu haujengi. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha.

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa jumuiya ndiyo iliyompa sifa hata ng'ambo. Wagombea walikuwa wawili, mwenye duka la mbolea na mwalimu mstaafu, na uhasama ulikuwa umefika mahali pa kutopeana amani kwenye misa. Katekista akatangaza kwamba kura hazitapigwa. Alifuga njiwa nyumbani kwake, na Jumapili hiyo akaja na mmoja ndani ya kikapu. Akatusomea habari tuliyoijua kwa moyo, akapiga ishara ya msalaba, akafungua kikapu.

Njiwa hakutoka. Tukaimba wimbo mzima. Katekista akakitikisa kikapu, na ndipo ndege akaruka kwa hasira, akapanda mpaka kwenye mabati, akachafua kiti cha mwenye duka la mbolea, akateremka, akatua juu ya kichwa cha mwanamke aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi kutoka Uganda. Ndizi zake zilikuwa nje kwenye mkokoteni.

"Anastahili!" Katekista akapaza sauti. Sauti yake peke yake.

"Nedda, ssebo," mama wa ndizi akakataa kwa Kiganda, kwa adabu, bila kusogeza shingo. "Mimi nimekimbia jua tu."

"Hata Fabiano hakuja kugombea."

"Ssebo, mimi ni Mprotestanti."

Katekista akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba akirudi nyuma hatua moja ataporomoka mpaka bondeni, kwamba njiwa hakuuliza hilo. Na mama yule, Mprotestanti, mgeni, aliyekuja kukwepa jua, akawa mwenyekiti wa jumuiya ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fabiano kwa miaka miwili. Mgala muue na haki mpe: hatujapata mwenyekiti kama yeye. Mwenye mbolea na mwalimu waliungana kumpinga, na kwa kuungana wakapatana. Alipohamisha biashara yake kwenda Busia tulimfanyia sherehe, na yeye akalia, na Katekista akajaribu kumbatiza palepale.

Basi mtu asidhani alikuwa kichekesho tu. Alishika maisha ya Fabiano kama fundi anavyoshika ramani ya nyumba. Kila alilolifanya mtakatifu, yeye alitafuta mahali pa kulifanya Malaba. Fabiano aliigawa Roma sehemu saba, kila sehemu na shemasi wake wa kutazama maskini. Katekista akatoka na fimbo akaigawa foleni ya malori. Foleni ile siku zake mbaya ilikuwa ndefu mno. Madereva na matanboi, wasaidizi wao, walilala chini ya trela zao siku nyingi, wakaugua humo, wakafilisika humo. Akaipasua sehemu saba, kutoka getini mpaka ilipoishia, na kila sehemu akaipa mtu, akamwita shemasi. Shemasi wa kwanza alikuwa muuza chapati. Wa tatu alikuwa fundi wa matairi, Mwislamu safi, aliyeswali swala tano na kuitikia jina la shemasi bila taabu yoyote. Wa tano alikuwa mlevi. Kazi yao ilikuwa kujua nani ana homa, nani hajala, nani amepigiwa simu ya msiba.

Nilimcheka sana. Halafu mteja wangu mmoja, dereva kutoka Mombasa, akapatwa na uchungu wa tumbo ndani ya lori lake sehemu ya tano, na shemasi mlevi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwa daktari. Sikucheka tena, ama nilicheka kwa adabu.

Mipango ya mpakani ilipobadilishwa na malori yakaanza kupita upesi, foleni ikafupika. Sehemu ya sita na ya saba zikabaki barabara tupu. Katekista hakuwaachisha kazi mashemasi wake. Ungempita yule wa saba amekaa kwenye jiwe, hakuna lori, hakuna tanboi, anaangalia mbuzi. Ukimuuliza, anakuambia sehemu yake ni tulivu, Mungu asifiwe.

Naye alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alihubiri njiwa na akala njiwa, kwa ugali wa wimbi, bila kuona aibu. Alikataza malwa, ile pombe ya wimbi ambayo wazee wa Kiteso huizunguka katika chungu kimoja na kuivuta kwa mirija mirefu, lakini mrija wake mwenyewe ulikuwa umechomekwa juu ya mlango wa jikoni; alisema ni wa wageni. Aliwagombeza wachelewaji na hakuwahi kufika mapema popote. Na habari za Fabiano alizisimulia daima bila mwisho. Ukimuuliza alikufaje, alikujibu, "Alikufa kama watu." Mpaka Padre alipotuambia ndipo tulipojua kwamba kaisari mpya aliyewachukia Wakristo alimuua Fabiano miongoni mwa wa kwanza kabisa, na kwamba Roma ikakaa zaidi ya mwaka bila Papa kwa sababu ya hofu. Nilimuuliza Katekista kwa nini anatuficha sehemu hiyo. Akasema watoto wa komunyo ya kwanza hawahitaji kujua kwamba ukituliwa na njiwa kichwani, kuna mtu anakuona kwa mbali.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Dereva mmoja wa Chakol, kijana wa kigango chetu, alipeleka mzigo Uganda, akaugua njiani, akafia ng'ambo, karibu na Tororo. Aliacha mke mwenye mimba na mama mzee. Mwenye lori alimtuma mtu kulichukua lori. La maiti hakulisema.

Katekista alikuja ofisini kwangu amevaa kanzu yake ya misa.

"Mama Vikta, kabla ya Fabiano kulikuwa na Papa anaitwa Pontiano," alianza.

"Mzee, nina kontena nne hapa."

"Walimfunga, wakampeleka kisiwa moja inaitwa Sardinia, kwa machimbo. Akafia huko. Nani alienda kuleta mwili?"

"Fabiano."

"Fabiano. Alivuka bahari. Sasa mimi nishindwe na daraja? Wewe unapitisha kila kitu. Twende."

Nikafunga ofisi. Kwenda hakuna aliyetuuliza kitu, ndivyo mpaka ulivyo, ukitaka kupita umelala unapita. Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Tulikuwa wanne ndani ya gari la kukodi: dereva wake, mimi, Katekista, na marehemu ndani ya jeneza. Getini tukamkuta afisa wa afya mgeni kabisa, shati lake bado lina mikunjo ya dukani, na alikuwa ameambiwa kwamba kila anayeingia aonyeshe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nikatoa yangu. Dereva akatoa yake.

"Na huyo wa nyuma?"

"Huyo amekufa," Katekista alisema.

"Sijauliza kama amekufa. Nimeuliza kadi."

"Officer, unaogopa ataugua?"

"Mzee, sheria ni kila mtu."

Nimefanya kazi mpakani muda mrefu, na najua kwamba na afisa wa siku ya kwanza huwezi kubishana. Mpaka wamemzoesha, yeye na sheria ni kitu kimoja. Nikafungua bahasha ya vitu vya marehemu tuliyokabidhiwa. Marehemu alikuwa dereva wa safari ndefu. Kadi yake ilikuwemo, safi, na muhuri wake. Afisa akaitazama, akaridhika, akairudisha kwa heshima.

"Sasa yako, mzee."

Katekista hakuwa na kadi. Hakuwahi kuwa nayo maishani. Basi marehemu akaingia Kenya kihalali, na Katekista akazuiliwa. Niliondoka na jeneza, na yeye akabaki nyuma ya vyuma vya geti, kanzu inapepea, anaongoza Salamu Maria kwa sauti kubwa ili tuisikie mpaka tufike barabarani. Walimwachilia alipokubali kudungwa sindano. Alifika Chakol kwa bodaboda, mkono umevimba, tukiwa tumeshalaza mwili nyumbani, na mama wa marehemu alipokuja kumshukuru akamwambia, "Mama, hata mimi nimetoka damu kidogo." Nilicheka na kulia pamoja, na sijui ni kipi kilitangulia.

Mjane alijifungua mvulana baada ya mazishi. Nilimwona Katekista siku habari ilipofika. Alikaa chini.

"Huyu sasa," aliniambia. "Huyu hawezi kunikataa."

Na hakuwa mtu wa kuona haya. Alimkumbusha mjane habari za daraja. Alimwonyesha mahali pa sindano. Mjane, mwanamke mpole anayesema maneno machache, akamjibu kwamba yeye hana neno, Fabiano ni sawa tu, lakini mtoto ana bibi, na bibi lazima kwanza ampe jina kwa desturi ya Kiteso. Desturi ni hii: bibi huchovya kidole kwenye pombe ya wimbi, humtia mtoto mdomoni, na kutaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalinyonya ndilo lake. Katekista alikuwa ameihubiria vibaya desturi hiyo kwa miaka. Sasa akamwendea bibi na kikapu cha mayai.

"Mama, hata Fabiano ni marehemu," alimwambia. "Tena wa siku mingi."

Bibi akayapokea mayai. Akasema atamweka kwenye orodha, kama wa mwisho.

Tulikusanyika mchana, wanawake wa ukoo na mimi, na Katekista mlangoni, amegoma kuingia kwa ajili ya pombe, amegoma kuondoka kwa ajili ya Fabiano. Bibi akachovya kidole. Akataja jina la babu. Mtoto akafumba mdomo. Akataja la marehemu baba wa mtoto mwenyewe, na pale sote tukadhani ndilo. Mtoto akageuza uso. Akataja wajomba, akataja wa zamani waliokufa kabla ya reli. Mtoto akaanza kulia.

"Fabiano," Katekista alinong'ona kutoka mlangoni.

"Fabiano," bibi akasema.

Mtoto akatema. Hakugeuza uso tu, alitema, na povu likamfika kidevuni. Nikamtazama Katekista na moyo ukaniuma.

Bibi akachoka. Alikuwa rika la Katekista. Utotoni walichunga ng'ombe pamoja. "Wewe mtoto unataka nani?" akasema. "Ama unataka huyu mzee anatusumbua kwa mlango?" Akalitaja jina la nyumbani la Katekista, lile la Kiteso, kwa mzaha, kidole kikiwa bado mdomoni.

Mtoto akanyonya. Akanyonya mpaka bibi akaomba asaidiwe kukitoa kidole.

Hakuna aliyecheka. Kwanza, sisi wengine hatukujua kwamba Katekista ana jina. Kwetu alikuwa Katekista tu tangu tumjue. Pili, majina yale huwa ya waliokufa, na wanawake wote walikuwa wanamtazama mlangoni kama mtu ambaye hajapata habari zake mwenyewe.

"Mimi sijafa," Katekista alisema.

"Mtoto hajasema umekufa," bibi akamjibu. "Amesema anakutaka."

Ndipo shida ilipoanza. Jina lile halina mtakatifu. Katekista aliyaweka majina ya mashahidi wote wa Uganda mezani, akapekua kalenda mbele na nyuma, akamuuliza Padre, hakuna. Kwa kanuni yake mwenyewe jina lake mwenyewe halingeweza kuingia majini. Mkuki kwa nguruwe. Padre alicheka mpaka akavua miwani, akasema abatizwe tu. Lakini Katekista angewezaje? Angewatazamaje akina mama wa Trevor? Akamsihi mjane akubali Fabiano. Mjane mpole akawa mwamba.

"Mtoto alichagua," alisema. "Kama si hiyo jina, hatubatizwi."

Mimi nilimwambia ukweli. "Mzee, wewe umetuambia maisha yako yote kwamba ishara ikija, mtu hana la kuchagua. Njiwa alipotua, kuna mtu aliangalia kalenda?"

Akakunja kalenda yake akatoka. Kwa wiki kadhaa hakunijibu hata salamu. Alifundisha bila njiwa, na wakatekumeni wakadhani anaugua. Mtoto akabaki bila kubatizwa, na kila Jumapili mjane akaja naye, akakaa benchi la mbele kabisa.

Kisha malaria ikamshika mtoto. Nilisikia kwa simu kwamba wamelazwa hospitali ya Alupe. Nilipofika, mjane alikuwa nje kwenye dirisha la dawa na Katekista ndani, amesimama kando ya kitanda ameshika chupa ya maji. Mtoto anapokuwa katika hatari, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Hilo alitufundisha yeye. Chupa ilikuwa imepungua na nywele za mtoto zilikuwa zimelowa.

"Umembatiza," nilisema.

"Alikuwa anatetemeka, Mama Vikta. Macho yameenda juu."

"Hakukuwa na mtu?"

"Hakuna. Mama yake alikuwa kwa dawa. Sista alikuwa kwa wodi ingine."

Nikaelewa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na maji, alikuwa na mtoto, na hakukuwa na mzazi wa kumpinga. Angeweza kusema Fabiano na ingekuwa Fabiano milele, maana ubatizo haurudiwi. Nikamuuliza amemwita nani.

Akalitaja jina lake mwenyewe.

"Na Fabiano?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nilimsahau," alisema. "Kabisa. Niliita tu ile jina ataitika."

Akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Nilimwekea mkono begani. Nilimpenda mzee yule, na sioni sababu ya kusema kwa kuzunguka. Jioni homa ikashuka, na mtoto akaomba uji kwa kelele.

Mara ya mwisho nilipokutana naye ilikuwa Chakol, siku ya soko. Alikuwa ameacha ukatekista kwa sababu ya magoti, na mwalimu mstaafu ndiye anayefundisha sasa, bila viazi vitamu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mjane, ambaye siku hizi anauza omena, dagaa wa ziwani, na mtoto alikuwa anatembea, anakimbia hata, upande wa wauza kuku. Nikamsalimu, akaniuliza habari za Vikta, akalalamika kidogo juu ya mwalimu. Nikamuuliza kama bado anatafuta Fabiano wake.

"Namzoesha huyu," alisema kwa siri, akimtazama mjane pembeni. "Iwe ya pili. Ya pili haina ubaya. Ngoja uone."

Akajiinua kidogo kitini. "Fabiano!" akaita. Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya jogoo aliyefungwa miguu, anaongea naye. "Fabiano! We Fabiano!" Jogoo akageuka, mtoto hakugeuka. Kutoka upande wa barabara pikipiki ilikuwa inamjia mtoto, imebeba magunia ya mkaa, na dereva haoni vizuri mbele, na mjane alikuwa amemgeukia mteja.

Mzee akasimama, magoti na yote. Akalipaza jina lake mwenyewe, lote, kwa sauti niliyowahi kuisikia siku ile ya geti tu, katikati ya soko la Chakol, na watu wakageuka kumtafuta mwenye jina, na mtoto akaja mbio.